Lori Limefika Mpakani, Msaada Bado

Tangu niliposimulia hapa kwamba nilikuwa muuguzi katika kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Ngara mwaka 1994, na baadaye nikafanya kazi ya chanjo mashariki mwa Kongo, maswali hayajakatika. Mengi yanauliza jambo lile lile: kama msaada upo, mbona watu wanakufa? Leo nachukua sita.

Shikamoo mama. Kila siku tunasikia malori ya chakula yamekwama mpakani. Chakula kipo, dereva yupo. Kwa nini asiwashe gari aende? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Marahaba, mwanangu. Watu wengi hudhani kikwazo kikubwa ni risasi. Mimi nimechelewa zaidi kwa sababu ya mihuri. Lori moja la unga linataka kibali cha kuingia nchini, kibali cha kutoka mkoa huu kwenda ule, orodha ya mizigo, majina ya waliomo na viza zao. Ukivuka mstari wa mapigano, wale wa upande wa pili nao wana ofisi yao na muhuri wao, na ule wa kwanza hawautambui.

Angalia Sudan. Vita vya jeshi na RSF, kikosi cha wapiganaji kilichoasi, vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Njia ya karibu ya kufikisha chakula Darfur ni kutokea Chad, kwenye kivuko cha Adré. Februari 2024 serikali iliyokuwa imehamia Port Sudan iliifunga njia hiyo, ikisema silaha zinapita humo. Ilipofunguliwa tena katikati ya Agosti, baa la njaa lilikuwa limeshathibitishwa kwenye kambi ya Zamzam huko Darfur, na mvua imeshajaza mabonde, malori yanazama kwenye tope. Miezi sita hiyo. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Wanaopigana siku hizi hawaombi, wanaileta wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2417, linalolaani kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita.

Nami yalinikuta, kwa kiasi kidogo. Tulikuwa na chanjo za surua kwenye masanduku ya baridi. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na barafu yetu ilikuwa ya siku mbili. Mwenye kusaini alikuwa msibani, msaidizi wake akatuambia njooni kesho, kesho akasema njooni keshokutwa. Hakuna aliyetufyatulia risasi. Chanjo ziliharibika tukiwa tumekaa kwenye benchi, chini ya mwembe, na kijiji kilichokuwa kinatungoja kilikuwa mwendo wa saa tatu tu. Sijawahi kulisahau benchi lile.

Nilidhani gari lenye msalaba mwekundu halipigwi. Sheria ziko wapi? (Fundi magari, Unga Limited)

Sheria zipo, na ni nzuri. Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949 inawalinda majeruhi na wanaowahudumia, na kuwashambulia kwa makusudi watu wa misaada ni uhalifu wa kivita. Lakini tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya Marekani iliipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mjini Kunduz, Afghanistan, wakafa watu 42, ingawa hospitali ilikuwa imewapa wanajeshi ramani ya mahali ilipo. Tarehe 1 Aprili 2024 huko Gaza, wafanyakazi saba wa World Central Kitchen, shirika linalogawa chakula, waliuawa katika magari yenye nembo, katika safari ambayo jeshi la Israel lilikuwa limejulishwa. Juni 2025, msafara wa malori 15 ya Umoja wa Mataifa ulishatembea zaidi ya kilomita 1,800 kutoka Port Sudan, ukabakiza kama kilomita 80 kufika El Fasher, mji wa Darfur. Ukashambuliwa ukiwa unangoja ruhusa. Wakafa watano, na njia yao pia ilikuwa imetangazwa mapema kwa pande zote.

Kwa mwaka 2024 peke yake Umoja wa Mataifa ulihesabu wafanyakazi wa misaada 383 waliouawa duniani, mwaka mbaya kuliko yote iliyotangulia. Tafadhali usiwaone hao 383 kama wageni waliotoka Ulaya na mabegi mgongoni. Wengi wao ni wenyeji: madereva, wauguzi, walinzi wa maghala, watu waliokuwa wanahudumia majirani zao.

Ukiniuliza kinachokosekana, nitasema ni hukumu. Ninyi wa Arusha mnajua hukumu inafananaje, kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilisikilizwa mjini kwenu. Kwa wanaoua watu wa misaada, kesi ni chache mno.

Basi si wachukue wanajeshi wawasindikize? (Mwanafunzi, Moshi)

Ukisindikizwa na bunduki ya upande mmoja, upande wa pili unakuhesabu kuwa adui. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, 2018 hadi 2020, timu nyingi zilikwenda na askari, na wananchi ambao walishateswa na watu wenye sare wakazidi kuamini kwamba ugonjwa ule ni biashara ya wakubwa. Vituo vilichomwa. Aprili 2019 daktari kutoka Kameruni, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi na kuuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Sisemi askari ndio walioleta chuki ile peke yao, ila hawakuipunguza.

Kilichotufungulia njia sisi alikuwa dereva. Kule kizuizi cha barabarani wanakiita bariyeri, na mara nyingi anayekishika ni kijana ambaye hata ndevu hazijamtoka. Dereva wetu alikuwa mzaliwa wa huko. Alikuwa anazima gari, anashuka polepole mikono ikionekana, anasalimia. Anauliza habari za wazazi. Anauliza nani mgonjwa kambini kwenu. Siku moja alitumia dakika arobaini akimsikiliza kijana mmoja anayelalamika jino. Mimi nyuma nimeshika rozari, jasho linanitiririka. Tulipita, na tukarudi na dawa ya jino. Wiki iliyofuata kamba ilishushwa kabla hatujasimama.

Nilikuwa Ngara 1994. Unga wa msaada ulikuwa unaliwa na wauaji. Je, misaada hairefushi vita? (Mzee, Karatu)

Shikamoo, mzee wangu. Tulikuwa pamoja basi. Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote, na sitakuficha.

Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia kwetu. Kambi ya Benaco ikawa mji kabla hatujapata vyoo. Watu walipangwa kwa wilaya walizotoka, na walioachiwa kugawa chakula ni viongozi wao wa zamani. Ilikuwa njia ya haraka. Lakini baadhi ya viongozi hao ndio walioongoza mauaji, na aliyeshika gunia ndiye aliyeshika watu. Walizidisha idadi, wakauza ziada, na mjane asiye na mtu alirudi na nusu ya kibaba. Mwezi Juni ilipotakiwa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa burugumesta, yaani mkuu, wa wilaya ya Murambi, aondolewe kambini, umati ulijaa kumtetea mpaka ikashindikana. Miaka kumi na minane baadaye, 2012, majaji wa rufaa walimpa kifungo cha miaka 40, huko huko Arusha.

Mwishoni mwa mwaka ule tawi la Kifaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka katika kambi zile, kwa kuwa hawakutaka kuwalisha wauaji. Sisi wengine tulibaki. Niliwalaumu wakati ule. Siwalaumu tena, wala sijutii kubaki, maana wodi yangu ilikuwa na watoto wanaoharisha, na mtoto wa mwaka mmoja hana upande.

Ninachoamini ni kwamba msaada unaopita mikononi mwa wenye nguvu huwaongezea nguvu, na kazi ni kuupitisha pengine: kuhesabu watu kichwa kwa kichwa, kadi ya chakula kupewa mama mwenyewe, mgao ufanyike mchana mbele ya wote. Ni kazi ngumu na inaleta vitisho. Ikishindikana kabisa, kuondoka nako ni jibu la heshima.

Kwa nini wasiwatumie watu pesa kwenye simu, kama tunavyofanya huku? (Wakala wa miamala, Usa River)

Wanatuma, pale mtandao upo na soko lina bidhaa. Lakini mnara wa simu ni kati ya vitu vya kwanza kukatika vitani, na benki huogopa kugusa pesa inayokwenda sehemu iliyo chini ya vikwazo. Desemba 2022 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2664, lilitoa msamaha kwa misaada ya kibinadamu kwenye vikwazo vyake. Hofu ya benki haijaisha.

Binti yangu ni muuguzi, amepata kazi na shirika moja Kivu. Baba yake hataki kusikia. Nifanyeje? (Mama, Machame)

Mama mwenzangu, sitakwambia umzuie wala umsukume. Kaa naye msome mkataba pamoja. Bima inalipa akijeruhiwa kwa vita, au ajali tu? Nani anaamua siku ya kuondoka, na wanaondokaje? Waasi wa M23 walipoingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa, kwa hiyo jibu la “tutawatoa kwa ndege” halitoshi. Aulize pia wenzake wenyeji wa huko wana mpango gani, kwa sababu mara nyingi gari la kuondoka huwa na nafasi za wageni tu. Shirika linalojibu swali hilo vizuri nitaliamini.

Na akirudi, mpeni muda. Mimi niliporudi Moshi, geti likigongwa kwa nguvu nilikuwa najikuta nimechuchumaa sakafuni. Mama yangu hakuniuliza kitu. Alihamishia kitanda changu chumba cha nyuma, upande wa migomba, mbali na barabara.