Maswali na Majibu: Accrington Stanley, klabu iliyokufa kwa barua

Maswali ya safari hii yote yanaihusu klabu moja ndogo ya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, ambayo wengi wetu tunalijua jina lake bila kuijua habari yake.

Swali: Nimesoma kwamba Accrington ni mojawapo ya klabu 12 zilizoanzisha Ligi ya Soka ya Uingereza mwaka 1888. Je, ndiyo hii Accrington Stanley ya leo?

Jibu: Siyo, ingawa kosa hilo hufanywa hata na watangazaji wa mpira. Iliyokaa meza moja na Everton, Aston Villa na Preston mwaka 1888 iliitwa Accrington tu. Mwaka 1893 ilifungwa na Sheffield United katika mechi ya kuamua nani abaki daraja la juu, ikakataa kushuka daraja, ikajitoa katika ligi, na miaka michache baadaye ikafa. Stanley ni timu nyingine ya mji huohuo, na kama utakavyoona hapa chini, hata hiyo Stanley ya leo siyo ile ya kwanza. Kwa hesabu yangu, mji huu wa watu kama 35,000 umeshazika klabu mbili na sasa unailea ya tatu.

Swali: Huyo Stanley alikuwa nani?

Jibu: Hakuwa mtu, bali mtaa. Timu ilianza mwaka 1891 kwa jina la Stanley Villa, kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa vijana wa Stanley Street. Klabu kubwa ya mji ilipokufa, wao wakalichukua jina la Accrington na kuliweka mbele ya lao.

Swali: Ni kitu gani hasa kilichoiua klabu mwaka 1962? Klabu nyingi zina madeni na haziondoki katikati ya msimu.

Jibu: Swali hili linastahili nafasi, kwa sababu jibu la mkato, yaani "madeni", halielezi madeni yenyewe yalitoka wapi.

Stanley iliingia katika ligi mwaka 1921, wakati Daraja la Tatu la Kaskazini lilipoundwa. Miaka yake mizuri ilikuwa ya katikati ya miaka ya 1950, chini ya kocha Walter Galbraith, Mskoti aliyesajili Waskoti wenzake kwa wingi hata ikafika siku timu nzima ya watu 11 ikawa ya wazaliwa wa Uskoti. Msimu wa 1954/55 walimaliza wa pili, lakini wakati huo aliyepanda daraja alikuwa bingwa peke yake. Hapo ndipo uongozi ulipoanza kutumia fedha kana kwamba daraja limeshapandwa. Mwaka 1958 walinunua jukwaa la mitumba kutoka Aldershot, lililokuwa likitumika katika maonyesho ya kijeshi. Bei ya jukwaa lenyewe ilikuwa nafuu, ila kulifungua, kulisafirisha hadi upande wa pili wa nchi na kulisimamisha upya katika uwanja wa Peel Park kuligharimu mara kadhaa ya bei hiyo. Mimi sijapata kuona mfano bora wa rahisi iliyogeuka kuwa ghali.

Lakini jukwaa hilo lisingetosha kuiua klabu kama isingekuwa majirani. Burnley na Blackburn Rovers ziko umbali wa maili chache tu, na mwaka 1960, mwaka uleule ambao Stanley ilishuka kwenda Daraja la Nne, Burnley ilitwaa ubingwa wa Uingereza na Blackburn ikacheza fainali ya Kombe la FA. Mfanyakazi wa kiwandani mwenye shilingi zake chache za kiingilio angekwenda wapi Jumamosi? Viingilio vikapungua, na mapema mwaka uliofuata kikomo cha mishahara ya wachezaji kikafutwa, jambo lililoziumiza zaidi klabu ndogo.

Tarehe 2 Machi 1962 walifungwa mabao 4-0 na Crewe Alexandra. Siku chache baadaye, wakisikiliza ushauri wa Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, viongozi waliandika barua ya kuitoa klabu katika ligi na kuituma makao makuu ya ligi. Mara tu baada ya barua kuondoka, zikatokea ahadi za fedha, na mwenyekiti Sam Pilkington akaomba irudishwe. Katibu wa ligi, Alan Hardaker, akajibu kwamba imeshapokelewa na imeshakubaliwa. Mechi 33 walizokuwa wamecheza msimu huo zikafutwa katika msimamo kana kwamba hazikuchezwa. Msimu uliofuata nafasi yao ikapewa Oxford United.

Swali: Basi walirudi vipi?

Jibu: Polepole sana. Klabu ya zamani ilijikokota katika ligi za mkoa hadi ilipokata roho mwaka 1966. Mwaka 1968 wananchi walikutana katika klabu ya wafanyakazi ya Bold Street wakaamua kuunda mpya, nayo ikaanza mechi mwaka 1970 katika uwanja wa Crown Ground. Kwa takriban miaka 30 ilikuwa timu ya mchangani au inayokaribia hivyo. Mshambuliaji wao Brett Ormerod, waliyemuuza Blackpool kwa sharti la kupata mgawo akiuzwa tena, aliponunuliwa na Southampton mwaka 2001, mgawo huo uliisaidia sana klabu kujijenga. Kocha John Coleman, aliyefika mwaka 1999, akatwaa ubingwa wa ligi tatu, moja juu ya nyingine, na mwaka 2006 Stanley ikarejea katika Ligi ya Soka baada ya miaka 44. Mojawapo ya timu mbili zilizoshuka kuwapisha ilikuwa Oxford United ileile.

Swali: Habari ya tangazo la maziwa ni kweli?

Jibu: Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 televisheni ya Uingereza ilionyesha watoto wawili waliovaa jezi za Liverpool, mmoja akieleza kwamba Ian Rush, mshambuliaji wa Liverpool, amemwonya kuwa asipokunywa maziwa ataishia kuichezea Accrington Stanley. Mwenzake akauliza hao ni nani. Mashabiki waliudhika kidogo na kufurahi zaidi.

Swali: Wamewahi kufika juu kiasi gani?

Jibu: Ngazi ya tatu. Mwaka 2016 waliikosa kwa tofauti ya mabao: wao walitoka sare tasa na Stevenage siku ya mwisho, huku Bristol Rovers wakipata bao lililowapandisha katika dakika za nyongeza. Mwaka 2018 hawakungoja siku ya mwisho. Mabao mawili ya Billy Kee dhidi ya Yeovil yaliwapandisha, wakawa mabingwa wa League Two, yaani ngazi ya nne, kisha wakadumu League One, ngazi ya tatu, kwa misimu mitano hadi 2023.

Swali: Uwanja wao unaingiza watu wangapi?

Jibu: Kama 5,450. Peel Park, uwanja wa klabu ya zamani, iliwahi kupokea zaidi ya 17,000 mwaka 1954, chini ya taa mpya za uwanjani, katika mechi ya kirafiki. Mgeni alikuwa Blackburn Rovers.