Kabla ya Kununua Boti Yenye Supachaja Hapa Mtwara

Wanaonifuata Mikindani kuulizia boti yangu huanza na mwendo wake, na sishangai, kwa kuwa mwendo ndio unaoonekana kutoka ufukweni. Swali ambalo ningependa waanze nalo ni hili: maji baridi ya kuosha mashine watayapata wapi kila wanaporudi? Katika bahari hii ya kusini mashine ya namna hii haiuawi na kasi. Huuawa na joto, chumvi na mafuta mabaya, navyo huja kwa pamoja.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mashine yenyewe, kwa mkanda au kwa gia, tofauti na tabo ambayo huzungushwa na moshi unaotoka. Kazi yake ni kusukumia hewa nyingi zaidi kwenye silinda kuliko ile ambayo pistoni ingevuta peke yake, ili petroli nyingi zaidi iungue kwa mara moja. Ndivyo Mercury, watengenezaji wa mashine za boti, walivyoweza, kuanzia mwaka 2004 walipotoa mashine yao ya Verado yenye supachaja, kupata nguvu ya farasi 275 kutoka kwenye silinda sita zenye ujazo wa lita 2.6 tu. Hata hivyo, hewa ikibanwa hupata moto, na hewa ya moto ikikutana na petroli dhaifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na mashine huanza kugonga. Kwa sababu hiyo huwekwa kipozeo cha hewa, na kipozeo hicho, katika mashine nyingi za boti, hupozwa kwa maji ya bahari.

Hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Tulipofungua kipozeo cha boti moja iliyoletwa huku ikiwa imeshatumika, tulikuta mirija imejenga utando mweupe, mgumu kiasi cha kukwaruza bisibisi, na midomo ya baadhi ya mirija imezibwa na mchanga uliochanganyika na nyasi za bahari. Mwenye boti alikuwa akilalamika kwamba mashine imepungua nguvu na alikwisha kubadilisha plagi zote. Plagi hazikuwa na kosa lolote. Mashine ilikuwa ikijipunguzia nguvu yenyewe kwa kuwa kompyuta yake ilihisi joto.

Kwa hiyo osha kila unaporudi, hata kama umekwenda Msangamkuu, hapo jirani tu, na kurudi. Iwapo kitabu cha mashine kinaruhusu kuioshea ikiwa inawaka, iache iungurume taratibu hadi thamostati, yaani vali inayofungua njia ya maji mashine ikipata joto, ifunguke, kwa sababu thamostati ikiwa imefunga yapo maeneo ambayo maji hayayafikii. Yaonje maji kwanza. Visima vingi vilivyo karibu na ufuko vina munyu, na kuosha chumvi kwa maji ya munyu ni kujisumbua. Mimi nimeweka simtanki nyumbani linalokusanya maji ya mvua, na nalihesabu kuwa sehemu ya gharama ya boti kama ilivyo trela. Zinki nazo, yaani vile vipande vya madini vinavyofungwa ili chumvi ivile badala ya kuila mashine, zikaguliwe na zibadilishwe zikishaliwa nusu, wala zisipakwe rangi, kwani zikipakwa rangi haziwezi kuliwa, na chumvi itahamia kwenye aluminiamu ya mashine.

Kuhusu mafuta, sina simile. Ile mashine ya farasi 40 ya kuchanganya oili, ambayo wavuvi wetu wanaitegemea, ikipata petroli iliyochakachuliwa itakohoa na kuendelea na safari. Yenye supachaja itagonga, na ikigonga kwa muda chini ya mzigo hutoboa pistoni. Ni kweli kwamba EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kudhibiti uchakachuaji, lakini kinasaba hakikulindi dhidi ya dumu lililooshwa vibaya. Nunua kituoni, pitisha kwenye filta yenye kutenganisha maji, kisha kinga kidogo kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Maji hujitenga chini na utayaona kwa macho. Uhesabu pia kiasi: mashine ya farasi 300 ikifunguliwa yote hunywa zaidi ya lita 100 kwa saa.

Oili na filta ni kila saa 100 za kazi au kila mwaka, kimojawapo kitakachotangulia. Mkanda, kama upo, ukaguliwe nyufa.

Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, ukitoka nje ya ghuba boti hurushwa, propela hutoka majini na mizunguko ya mashine hupanda ghafla. Punguza mafuta kabla boti haijaruka, si baada ya kutua. Na upitapo karibu na mitumbwi na ngalawa, nenda polepole, kwa maana wimbi lako linaweza kumpindua mtu ambaye hakuuliza boti yako ina farasi wangapi.

Mafundi wetu ni hodari kwa mashine za kawaida, ila hizi husomwa kwa kompyuta, na vipuri kwa kawaida husubiriwa kutoka Dar es Salaam. Weka akiba ya impela ya pampu ya maji, mkanda, filta na plagi, na ufunge tezini mashine ndogo ya farasi 15 ya kukurudisha nyumbani.

Ukiniomba ushauri kabla hujanunua, nitakuambia tafuta isiyo na supachaja. Hata Mercury, mwaka 2018, walianza kuuza V8 ya lita 4.6 inayovuta hewa yenyewe na kufikia farasi 300, bila kipozeo cha hewa cha kuziba. Kama bado moyo wako uko kwenye supachaja, basi usinunue iliyotumika kabla fundi hajapima mgandamizo wa kila silinda na kusoma kumbukumbu za kompyuta. Kisha itoeni baharini, muiendeshe kwa nguvu yote, na ulinganishe mizunguko yake na ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Muuzaji akisema boti iwashwe hapohapo juu ya trela, chukua pesa zako uondoke.