Mota ya Milioni 8: Kwa Wewe Unayeanza Kusoma Usimamizi wa Uhandisi

Kila vyuo vinapokaribia kufungua, wadogo zangu wahandisi waliopata nafasi ya uzamili katika usimamizi wa uhandisi huanza kunitafuta. Wengi huuliza habari za ada. Wengine huuliza kama masomo ya jioni yanawezekana kwa mtu mwenye kazi na mtoto mchanga. (Yanawezekana. Usingizi ndio hauwezekani.) Wapo pia wanaouliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya aibu: "Kaka, eti huku hesabu hakuna?"

Hesabu zipo. Kama umekuja huku ukizikimbia, umeruka majivu umekanyaga moto. Tofauti ni kwamba kule shahada ya kwanza ulikuwa unakokotoa ili mwalimu akupe alama, na huku unakokotoa ili mtu mwenye saini akubali kutoa hela. Mtu huyo hajui torki (nguvu ya kuzungusha) ni nini, na wala hana sababu ya kujua.

Mimi hilo nililijua kwa kuaibika. Nilisoma uhandisi mitambo, nikaajiriwa katika kiwanda kimoja Dar es Salaam. Kulikuwa na mota ya kilowati 30 ambayo nyaya zake zilikuwa zimesukwa upya mara tatu, inaunguruma kama trekta na kula umeme. Nikaandika andiko la kurasa sita kuomba mota mpya. Nilichora grafu, nikaweka joto la nyaya, nikaweka kila kitu nilichofundishwa. Mama aliyekuwa mhasibu mkuu akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akaniuliza, "Mhandisi, hii hela inarudi lini?" Nikamjibu, "Mama, ufanisi unapanda kwa asilimia 5." Akanitazama kwa huruma, akalifunga. Andiko likaingia kabatini na mota ikaendelea kuunguruma.

Miaka miwili baadaye nikiwa kwenye darasa la uchumi wa uhandisi, nilirudia hesabu ile kwenye kona ya daftari. Ifuatilie, maana sehemu kubwa ya utakachosoma imo humo. Namba nimezifanya za mviringo.

Mota inatoa kilowati 30. Ya zamani ina ufanisi wa asilimia 88, yaani katika kila 100 za umeme inazovuta, 88 ndizo zinazogeuka kazi, kwa hiyo inavuta kilowati 34.1. Mpya ina asilimia 93, inavuta 32.3. Tofauti ni kama kilowati 1.8. Ikifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, unaokoa uniti zinazokaribia 11,000. Uniti moja tuseme ni shilingi 200, hiyo ni milioni 2.2 kila mwaka. Bei ya mota ni milioni 8. Gawanya: hela inarudi baada ya miaka mitatu na nusu na ushei. Mama angenielewa kwa mstari mmoja!

Lakini usikimbie nayo bado. Shilingi ya mwaka kesho si sawa na ya leo, kwa sababu ya leo ungeweza kuiweka mahali ikazaa. Tuseme kiwanda kinataka angalau asilimia 15 kwa mwaka kwa kila hela inayowekezwa. Ukizirudisha zile milioni 2.2 za kila mwaka kwenye thamani ya leo kwa kiwango hicho, kwa miaka mitano unapata milioni 7.4 tu. Umepata hasara. Kwa miaka kumi unapata milioni 11, na hapo una faida ya milioni 3. Mota ni ileile, bei ni ileile, ila jibu limegeuka.

Sasa swali limebaki moja: je, mota hiyo itaishi miaka kumi katika chumba kile chenye vumbi, joto, na umeme unaopanda na kushuka? Mama mhasibu hawezi kulijibu. Aliyesomea fedha hawezi. Ni wewe, mwenye kuelewa insulesheni ya nyaya na beringi. Hesabu ya fedha ilianza kwa mhasibu ikazunguka ikarudi kwa mhandisi, na hapo ndipo nilipoacha kuona kozi hii kama njia ya kuuaga uhandisi ili nikakae ofisini penye kiyoyozi. Andiko langu lilikuwa na kasoro nyingine pia: sikuweka hasara ya siku ambayo mota ya zamani ingeungua na laini nzima kusimama. Viwanda vingi, siku moja ya kusimama inameza akiba ya umeme ya mwaka mzima.

Kwa hiyo, ukiweza, fanya kazi miaka miwili mitatu kabla ya kuja. Si sheria, na nimesoma na vijana waliotoka moja kwa moja shahada ya kwanza wakanishinda kwenye mitihani. Ila ukiwa umewahi kukataliwa andiko, kila somo linakuwa na mahali pa kukaa.

Somo la uhasibu wahandisi hulidharau. Lisome. Jifunze kusoma mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni) na taarifa ya mtiririko wa fedha hata kama hutaandaa zako, inatosha.

Kuhusu usimamizi wa miradi, utakutana na chati za Gantt, ratiba inayochora kila kazi kama mstari juu ya kalenda, zilizopewa jina la Mmarekani Henry Gantt, na kisha hesabu ya njia kuu, yaani ule mfuatano wa kazi ambao mojawapo ikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja. Mbinu hiyo ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950: upande mmoja kampuni ya kemikali ya DuPont ikitafuta namna ya kupanga ujenzi na ukarabati wa mitambo yake, upande mwingine jeshi la majini la Marekani likihangaika na mradi wa makombora ya Polaris. Utaipenda, maana inapendeza machoni. Programu za kompyuta zinaichora kwa rangi, na mtu unajiona bosi.

Kundi letu tulichora ratiba ya kujenga ghala, kazi 60 na zaidi, mishale imenyooka, hakuna kazi inayogongana na nyingine. Mwalimu akaitazama muda mrefu. Akauliza swali moja tu: "Masika mmeihamishia wapi?" Uchimbaji wa msingi tulikuwa tumeuweka Aprili, hapa hapa Dar es Salaam. Darasa likacheka mpaka tukatamani ardhi ipasuke, nayo kwa mvua ile ingepasuka kweli. Tulikuwa pia tumesahau kwamba kontena la vyuma linaweza kukaa bandarini, na kwamba zege hupimwa nguvu yake kamili siku 28 baada ya kumwagwa, hata kama mkandarasi ana haraka. Programu haijui masika. Muda wa kazi usiuandike kwa kukisia ukiwa hosteli. Mpigie simu fundi aliyewahi kuifanya, muulize ilimchukua siku ngapi mara ya mwisho, na nini kilimchelewesha.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo imenilipa kuliko vitabu vizito. Mtaalamu wa Marekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961, na inasema hivi: idadi ya vitu vilivyomo kwenye mfumo ni sawa na kasi ya vinavyoingia ukizidisha na muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Basi. Niliitumia kwenye karakana ya pampu. Sakafuni kulikuwa na pampu 24, mafundi wanamaliza nne kwa siku, kwa hiyo kila pampu ilikuwa inakaa siku sita. Meneja alitaka siku tatu na akaanza kuzungumzia kuongeza saa za kazi. Nikamwambia kuna njia mbili: tumalize nane kwa siku, au tupunguze zilizolala sakafuni ziwe 12. Tukazihesabu moja moja. Karibu nusu zilikuwa zimefunguliwa zikisubiri spea ambazo hata hazijaagizwa. Tukaweka utaratibu kwamba pampu haifunguliwi kabla spea zake hazijapatikana, isipokuwa ile ambayo lazima ifunguliwe ndipo ijulikane inaumwa nini. Hatukuajiri mtu yeyote.

Masomo ya uongozi na tabia za watu kazini sitayasemea sana. Mengine ni maneno mengi kwa jambo dogo. Ila kisa cha Challenger, chombo cha anga cha Marekani, usikipite haraka, hata kama umeshakisikia.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo hicho, walikaa kwenye mkutano wa simu na NASA, shirika la anga la Marekani. Baridi ilikuwa kali kule Florida. Walijua kwamba pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hukakamaa kwenye baridi, na wakapendekeza chombo kisiruke chini ya nyuzijoto 12 za Selsiasi. NASA haikufurahi. Kampuni ikaomba ijadiliane yenyewe kwa faragha, na humo ndani kiongozi mmoja wa juu akamwambia makamu wa rais wa kampuni aliyesimamia uhandisi avue kofia ya uhandisi avae kofia ya umeneja. Akavua. Pendekezo likageuzwa. Asubuhi yake chombo kikaruka katika nyuzijoto 2 hivi, kikasambaratika baada ya sekunde 73, na watu saba wote waliokuwemo wakafa.

Sisi darasani tulibishana saa nzima nani alaumiwe. Kilichonikaa mimi ni lile neno "vua". Yule bwana alikuwa amewekwa kwenye kiti kile hasa kwa sababu ya kofia aliyoambiwa aivue. Utapewa cheo siku moja, na siku hiyo hiyo mtu atakuja na tarehe ya mwisho mkononi. Tena tazama jambo lingine: wahandisi walikuwa na data, lakini chati walizozituma haraka usiku ule hazikuonyesha wazi uhusiano wa baridi na uharibifu wa pete. Nikakumbuka kurasa zangu sita za mota. Kwangu ilipotea akiba ya umeme tu.

Kuhusu tasnifu: tafuta tatizo dogo, lililo mahali ambapo utaruhusiwa kuingia. Kila mwaka namwona mtu anayeandika pendekezo la kuboresha sekta nzima ya nishati nchini, halafu mwezi wa nne hajapata hata takwimu za kituo kimoja. Barua ya kuomba ruhusa ipeleke mapema, na mwambie mwenye kiwanda tangu mwanzo kwamba jina lake na gharama zake hazitatajwa. Usipofanya hivyo atakupa soda na maneno matamu, takwimu hakupi.

Mimi nilifanya juu ya beringi zilizokuwa zinakufa mapema kwenye laini moja ya kiwanda. Nilitumia miezi miwili na daftari za matengenezo, nikatengeneza majedwali, nikachora mgawanyo wa muda wa kuharibika, nikajiridhisha kwamba tatizo ni mzigo mkubwa. Siku moja nimekaa kwenye benchi nje ya karakana na mzee mmoja mpaka-grisi, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nilikuwa nampa shikamoo kila asubuhi na kupita. Siku hiyo nikakaa. Nikamweleza ninachohangaika nacho. Akasema, "Mwanangu, pampu ya grisi ni moja. Beringi hizi zinakuja na grisi yake ya buluu, sisi tunaongezea ile ya kahawia ya kwenye pipa. Zikichanganyika zinakuwa uji, zinamwagika."

Nikaenda kusoma. Kweli, grisi yenye kikazishi (kile kinachoifanya iwe nzito) cha poliurea na ile yenye kikazishi cha lithiamu mara nyingi hazipatani. Zikichanganywa mchanganyiko unaweza kulainika na kutoroka kwenye beringi. Tukanunua pampu ya pili, tukaipaka rangi ya buluu mpini. Nikamuuliza mzee kwa nini hakusema miaka yote hiyo. "Aliniuliza nani?"

Ilibidi nirudie sura mbili za tasnifu. Msimamizi wangu hakufurahi kwa sababu ya ratiba, lakini aliniruhusu nibakize mgawanyo wangu wa takwimu kama kiambatisho. Nilimwomba mzee ruhusa nimtaje kwenye shukrani, akakataa, akasema niandike tu "mafundi wa zamu ya asubuhi".

Mambo mawili ya haraka kabla hujaenda kujisajili. Uzamili hauchukui nafasi ya usajili wa kitaaluma: kama bado ni mhandisi mhitimu, fuatilia Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mpango wake wa mafunzo ya vitendo wa miaka mitatu, usije ukawa na shahada mbili na huna mamlaka ya kuidhinisha mchoro. Na kama uko serikalini au unataka kazi za serikali, ichukue Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 uisome mwenyewe, na ujifunze NeST, mfumo wa zabuni za serikali wa mtandaoni, kwa kuugusa. Darasani vitu hivyo huwa vinapitwa kwa slaidi mbili.

Ile mota, mkitaka kujua, iliungua wiki moja kabla ya sikukuu. Ikasukwa mara ya nne.