Hiyo gesi watamjaza mamangu tumboni si ni ile ya jiko?

SWALI: Daktari habari. Mamangu ana miaka 61, alikuwa anatoa damu kwa choo, akafanyiwa kolonoskopi (kamera inayoingizwa kwa njia ya choo) wakapata uvimbe bapa kwa utumbo mpana, wakasema bado haujakuwa saratani lakini ukiachwa unaweza geuka. Wiki ijayo wanautoa na kamera bila kumpasua. Sasa nesi alituambia wataingiza gesi ya kaboni dayoksaidi ndani na tangu siku hiyo mama halali, anasema ndiyo inaua watu wakilala na jiko la makaa ndani ya nyumba. Tena ana pumu. Nimwambie nini? – Binti, Kayole

JIBU: Binti, mwambie mama hiyo ya jiko ni kaboni monoksaidi, gesi nyingine kabisa, inang'ang'ania damu mpaka oksijeni inakosa nafasi. Kaboni dayoksaidi mwili wake mwenyewe unaitengeneza saa hii na anaitoa kila akipumua, na ndiyo iko kwa soda.

Lazima waingize gesi kwa sababu utumbo mtupu kuta zake zinalaliana, kamera haioni kitu. Kuna mahali wanatumia hewa ya kawaida, na hapo ndipo watu huteseka, maana karibu 78% ya hewa ni naitrojeni ambayo utumbo hauifyonzi haraka, kwa hivyo mgonjwa anatoka tumbo limefura linamuuma masaa mpaka ajambe yote. Kaboni dayoksaidi inafyonzwa zaidi ya mara 100 haraka kuliko naitrojeni, inaingia kwa damu, inafika mapafu, anaipumua nje basi.

Kwa mama yako hiyo ni muhimu hata zaidi, kwa sababu uvimbe bapa hautolewi dakika mbili. Wanadunga maji chini yake uinuke, halafu wanaukata polepole na kisu cha umeme, na ukiwa mkubwa kazi inaweza pita saa moja, hiyo gesi ikiendelea kuingia. Ukuta wa utumbo ni mwembamba sana, milimita chache tu, mara moja moja unatoboka, na ikitokea, mara nyingi daktari anaufunga na klipu (kibanio kidogo) papo hapo, na gesi iliyomwagikia tumboni inaisha mapema kuliko hewa. Mimi ningekuwa nachagua ningetaka hii.

Pumu waambie leo, usingoje siku yenyewe, na abebe inhela yake. Pumu iliyotulia kwa kawaida haizuii, wenye tunawaogopea ni wale mapafu yamechoka kabisa hayawezi kutoa hiyo gesi. Na uliza kama watapima kaboni dayoksaidi kwa pumzi akiwa amelala, kwa sababu kile kidude wanabana kwa kidole kinasoma oksijeni na mapigo ya moyo, hiyo gesi hakiisomi.

Dawa ya kumfanya aharishe ili utumbo usafike amalize yote hata kama inamchosha, utumbo mchafu una gesi zinazoweza kushika moto na kisu ni cha umeme.

Akirudi nyumbani, tumbo likikazana, maumivu yakizidi, homa, au damu nyingi, hata wiki mbili baadaye, mrudishe hospitali usiku huo huo, usikimbilie dawa ya gesi kwa kemisti. Na majibu ya maabara ya huo uvimbe yafuate mpaka uyapate, ndiyo yatasema kama umeisha wote ama kuna kazi imebaki.