Kabla ya Kuhamia Simuleta Mpya ya Ndege, Pima Mashine Yako Wakati wa Kutua

Kwa miaka sita sasa jioni zangu nyingi zimepita kwenye simuleta ya ndege, na kwa miaka miwili kati ya hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo najua wengi wenye mashine za kawaida wanajiuliza: je, niiache simuleta niliyoizoea nihamie ile mpya, au nibaki nilipo? Mashine yangu ni kompyuta ya mezani ya mtumba, ya aina iliyotumika maofisini, niliyoinunua Kariakoo ikiwa na prosesa ya Intel Core i5-4570, kumbukumbu ya GB 8 na diski ya kawaida ya kuzunguka. Baadaye niliiongezea kadi ya picha ya GTX 1050 Ti yenye GB 4, kwa sababu kadi hiyo ina uwezo wa kutosha bila kudai waya wake wa umeme, na pawasaplai za kompyuta hizi za ofisini huwa ndogo. Ndani yake naendesha simuleta ya X-Plane 11, iliyotoka mwaka 2017.

Jibu langu nimeshalipata, na ninachotaka kueleza hapa ni njia iliyonifikisha huko, kwa kuwa naamini inamfaa yeyote mwenye kompyuta ya kiwango hiki. Usiipime simuleta mpya kwa uzuri wa mawingu yake, wala kwa video za watu wenye mashine za bei ya pikipiki mpya. Ipime kwa sekunde thelathini za mwisho kabla magurudumu hayajagusa ardhi. Ikikwama hapo, uzuri wake wa kwingineko hautakusaidia.

Nachukua mfano wa safari niliyoirudia kuliko zote, ya kutoka Unguja kuja Dar es Salaam kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja. Ukiwa katikati ya mkondo wa bahari, futi 4,500 juu ya maji, hata kompyuta dhaifu huonyesha picha laini, kwani hakuna kikubwa cha kuchora zaidi ya bahari, anga na mstari wa pwani kwa mbali. Lakini ukiiendea njia ya kurukia namba 23 ya Uwanja wa Julius Nyerere, unaingilia upande wa bahari na kupita juu ya mji, na hapo kila kitu hujazana kwa pamoja: majengo, barabara, magari, ndege zilizoegeshwa na jengo la abiria. Kompyuta inaelemewa zaidi wakati uleule ambao rubani anahitaji mikono yake ijibiwe haraka zaidi. Fremu 15 kwa sekunde, yaani picha 15 ambazo kompyuta huchora kila sekunde, zinatosha kutazama mandhari, lakini kwa kutua hazitoshi. Unavuta usukani ili kuinua pua ya ndege, picha inachelewa, unadhani hujavuta vya kutosha, unavuta tena, na picha inapofika unakuta ndege imeshapaa futi ishirini juu ya lami huku mwendo umeisha. Mimi nilitua hivyo wiki nzima nikidhani kwamba ustadi umenipotea, mpaka niliporudisha mipangilio ya chini nikatua vizuri kwa mara ya kwanza tu.

Baada ya wiki hiyo niliijaribu X-Plane 12, iliyokamilika mwishoni mwa mwaka 2022. Watengenezaji wake hutoa toleo la majaribio lisilolipiwa, lenye kikomo cha muda na lililofungiwa eneo dogo la Marekani. Huwezi kuruka nalo Dar es Salaam au Arusha, lakini hilo lisikukatishe tamaa, kwa sababu unachokitafuta ni uzito wa mji na uwanja mkubwa, na huo unaupata. Nilichokifanya, na ambacho ningemwomba kila mtu akifanye, ni kuweka hali zinazofanana kwenye simuleta zote mbili: uwanja uleule, ndege ileile, saa ileile ya mchana, hali ya hewa ileile niliyoipanga mwenyewe, na ukubwa uleule wa picha. Kisha nilitua mara tano katika kila moja nikiandika fremu za chini kabisa zilizoonekana katika sekunde zile thelathini. Fremu za wastani sikuziandika, kwa sababu wastani hubebwa na dakika nyingi nyepesi za angani na kukuficha dakika moja nzito. X-Plane 11 ilinipa kati ya 26 na 31. X-Plane 12, hata baada ya kushusha karibu kila kitu, ilinipa 14 hadi 17. Simuleta yenyewe haikuwa na kasoro yoyote, maana imeandikwa kwa ajili ya mashine zenye nguvu kuliko yangu, na mwanga wake wa machweo ulinifanya nisimamishe ndege na kutazama tu.

Kuna jambo moja kuhusu X-Plane ambalo wapya wengi hawalijui. Fremu zinaposhuka chini ya takriban 20 kwa sekunde, programu hupunguza mwendo wa muda ili mahesabu yake ya nguvu za hewa yasiharibike. Huoni dalili kubwa; ndege inaonekana tulivu, hata nyepesi kuiongoza. Nililigundua nilipokuwa nikifanya mazoezi ya kuzunguka kwa kusubiri, yaani mizunguko ya angani ya ndege inayongoja zamu ya kutua, ambapo kila upande mnyoofu huhesabiwa dakika moja. Niliweka simu mezani na kuianzisha pamoja na saa ya chumba cha rubani. Saa ya ndege ilipotimiza sekunde 60, simu yangu ilikuwa inasoma sekunde 80. Maana yake nilikuwa najifunza kutua katika dunia iendayo robo tatu ya mwendo wake, na mtu anayejiandaa kwa shule ya urubani, au hata anayetaka tu kuiheshimu kazi hiyo kama ninavyotaka mimi, hapaswi kujizoesha hivyo.

Kabla ya kuilaumu kadi ya picha, jua kwanza ni sehemu gani ya mashine inayoelemewa. Muuzaji mmoja aliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba kadi kubwa zaidi ingemaliza matatizo yangu yote, na nilikuwa karibu kutoa fedha. Jioni hiyo nilipunguza ukubwa wa dirisha la simuleta hadi karibu nusu. Kazi ya kadi ya picha ni kupaka pikseli, kwa hiyo pikseli zikipungua na fremu zikabaki palepale, kadi haina kosa. Anayesubiriwa ni prosesa. Fremu zangu hazikuongezeka hata mbili. X-Plane inaweza pia kuonyesha juu ya kioo muda ambao prosesa inatumia kwa kila fremu na muda wa kadi ya picha, ukaulinganisha mwenyewe. Kwa mashine yangu dawa ilikuwa kupunguza idadi ya vitu vinavyochorwa ardhini, yaani nyumba na magari, kwa ngazi moja tu. Ngazi hiyo moja ilinipandisha kutoka fremu 22 hadi 31 nikitua Dar es Salaam, bila kutumia senti.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Nilipofungua kompyuta baada ya miaka miwili nilikuta kati ya feni na mapezi ya chuma pamejaa utando mzito wa vumbi, mnene kama kipande cha blanketi. Nilipousafisha na kubadilisha pesti ya kupitisha joto, prosesa iliacha kujipunguzia kasi katika jioni za joto za Januari. Fanya usafi huu kabla ya vipimo vyote, maana vinginevyo utakuwa unapima vumbi.

Upande wa Microsoft Flight Simulator, simuleta nyingine mpya, hesabu ina kipengele kingine, nacho ni intaneti. Toleo la mwaka 2020, lililotengenezwa na Asobo Studio ya Ufaransa, lilitangazwa kwa kiwango cha chini cha prosesa ya i5-4460, kadi ya GTX 770, kumbukumbu ya GB 8, nafasi ya GB 150 kwenye diski na intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde. Ukisoma haraka unaweza kudhani kwamba kompyuta yangu inafaulu. Lakini GB 150 kwa kasi ya megabiti 5 ni zaidi ya saa 66 za kupakua bila kukatika, na hapo hujaruka hata mara moja. Toleo la 2024, lililotoka Novemba mwaka huo, lilipunguza nafasi ya diski hadi GB 50 kwa sababu sehemu kubwa ya dunia yake huletwa kutoka mtandaoni kadiri unavyoruka, na kiwango chake cha chini kikapanda hadi GTX 970, kumbukumbu ya GB 16 na megabiti 10 kwa sekunde. Megabiti 10 zikitumika mfululizo ni GB 4.5 kwa saa. Simuleta haivuti kwa kasi hiyo kila dakika, lakini anayenunua bando kwa GB aipige hesabu hiyo kwa kalamu kabla ya kununua, na akumbuke kwamba ni gharama itakayojirudia kila mwezi, ilhali simuleta huinunui ila mara moja.

Pamoja na hayo, sitaki mtu aondoke hapa akiamini kwamba simuleta mpya ni anasa tupu. Rafiki yangu wa Mwanza alilijaribu toleo la 2020 kwenye mashine inayokaribiana na yangu. Bando lake liliisha siku ya pili na ardhi ikageuka ukungu wa rangi mbalimbali, lakini kabla ya hapo alikuwa ameruka kando ya Ziwa Victoria akitambua ghuba, vilima na barabara anayopita kila siku kwenda kazini. Alinipigia simu usiku huo, na furaha yake niliisikia. Picha za setilaiti zilizotandazwa juu ya ardhi humwezesha mtu kujifunza kuongoza ndege kwa macho na ramani, kwa kufuata mto, reli na umbo la pwani, na hilo X-Plane 11 yangu hainipi, kwa sababu nyumba na mashamba yake hubuniwa na programu. Kama mazoezi yako ni ya namna hiyo, una intaneti isiyohesabiwa GB, na vipimo vya kutua vinakupa fremu 25 au zaidi, basi hamia bila wasiwasi. Anayejifunza kuruka kwa kutazama vyombo, ambaye ndani ya mawingu hahitaji kuona ardhi, atapoteza kidogo sana akibaki na simuleta ya zamani.

Wapo pia ambao bado wanatumia Flight Simulator X ya mwaka 2006. Kwao ushauri wangu ni tofauti: hameni, hata kwa mashine hiihii. Programu ile ni ya biti 32, haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za kumbukumbu hata ukiweka GB 16, na ndiyo sababu hufunga yenyewe mwishoni mwa safari ndefu, mara nyingi uwanja ukiwa tayari unaonekana mbele. X-Plane 11 ni ya biti 64 na haina ukuta huo. Tena hukuruhusu kuchagua kwenye ramani sehemu za dunia unazotaka kupakua, kwa hiyo mwenye bando dogo anaweza kuanza na Afrika Mashariki peke yake. Asiye na fedha kabisa anayo FlightGear, ya bure, inayotengenezwa na watu wanaojitolea tangu mwaka 1997.

Fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kuhama niliitumia kwa mambo matatu. Niliongeza kumbukumbu ikafika GB 16, nikanunua SSD ya GB 480, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na kilichobaki nikanunulia joistiki (fimbo ya kuongozea ndege) yenye mhimili wa kuzungusha, ili niongoze usukani wa mkia kwa mkono badala ya kitufe. SSD haikuongeza fremu, na anayekuahidi hilo anakosea. Ilichofanya ni kupunguza muda wa kufungua simuleta kutoka karibu dakika sita hadi dakika moja na nusu, na kuondoa kule kukwama kwa ghafla kwa picha ndege inapoingia eneo jipya. Joistiki ndiyo iliyobadilisha kutua kwangu kuliko vyote, hasa upepo wa ubavuni unapovuma.

Nitahamia X-Plane 12 nitakapopata kompyuta yenye prosesa ya viini sita na kadi ya picha ya GB 6 au 8, nami nitarudia vipimo vilevile kabla ya kulipa. Hata siku hiyo X-Plane 11 nitaiacha kwenye folda yake, kwa kuwa matoleo haya mawili hukaa pamoja kwenye diski moja bila kugombana, na baadhi ya ndege nilizonunua hudai malipo mengine ili zifanye kazi kwenye toleo jipya. Kwa anayenunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, fedha hurudishwa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umetumia programu kwa chini ya saa mbili. Kwa Flight Simulator ya 2020, ambayo hupakua data zake nyingi baada ya kufunguliwa, saa za kupakua zinaweza kuhesabiwa kuwa saa za matumizi, kwa hiyo dai la kurudishiwa fedha linaweza kuisha kabla hujaona njia ya kurukia. Kwa X-Plane muda huo unatosha: panga uwanja mzito, weka ndege maili tano kabla ya kutua, na utue mara tano kabla hujagusa kitu kingine chochote.