Mwasi yupo, haramia yupo. Mwenye changamoto ni nani?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nasoma uhusiano wa kimataifa na ninaandika insha kuhusu hali ya dunia ya sasa. Kichwa nilichokichagua ni "Changamoto za usalama wa kimataifa na kikanda". Mwenzangu amekikosoa, anasema niandike "changamoto za kiusalama". Mhadhiri wangu naye anataka "changamoto za ulinzi na usalama". Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba. Hilo la "ki-" tutalimaliza upesi, kwa sababu katika kichwa chako kuna neno jingine ambalo ninyi nyote watatu mmekubaliana nalo bila kuulizana, na hilo ndilo nililokuwa nikilivizia.

"Kiusalama" si kosa. Kiambishi hicho huonyesha namna ya jambo au upande wa kulitazamia: "kiusalama, njia hii haifai". "Sababu za kiusalama" nazo zimezoeleka, sizigombi. Ninachogomba ni kudhani kwamba ki- ni nishani ya usomi na kwamba nomino isiyovaa ki- haijaenda chuo. "Ulinzi" nao ni kazi, umetokana na linda. "Usalama" ni hali ambayo kazi hiyo inatakiwa kuizaa. Salama tuliipata kutoka Kiarabu, ni ndugu wa damu wa salamu. Mhadhiri wako akitaka vyote viwili, mpe. Umoja wa Mataifa una Baraza la Usalama, Umoja wa Afrika una Baraza la Amani na Usalama, kila moja lina wajumbe 15, na sijasikia vita hata vimoja vilivyokwisha kwa sababu ya tofauti ya jina. Imetosha.

Sasa tuje kwenye changamoto.

Neno hili lilikuwa na heshima zake. Changamoto ni jambo linalokuamsha, linalokutia ari ya kujipima nguvu. Mwanafunzi aliyepewa hesabu ngumu amepewa changamoto. Mpanda mlima ana changamoto mbele yake. Kisha likaingia kwenye semina, likatoka huko limenenepa, na leo limemeza msamiati mzima wa shida. Mtandao ukikatika ni changamoto. Mtu akiumwa tumbo ana changamoto ya tumbo. Hayo ningeyavumilia kama ninavyovumilia mbu. Lakini jeshi likivuka mpaka wa nchi jirani, halafu msomaji wa taarifa ya habari akakohoa kidogo na kutuambia kuwa eneo hilo "linakabiliwa na changamoto za kiusalama", hapo uvumilivu wangu unafika kikomo.

Nina jaribio moja dogo, na halihitaji kamusi. Lugha yetu ina tabia nzuri: ukilitaja ovu, mtendaji wake hujitokeza mwenyewe mlangoni. Uasi, mwasi. Uvamizi, mvamizi. Uharamia, haramia. Ugaidi, gaidi. Ujasusi, jasusi. Hujuma, mhujumu. Utekaji, mtekaji. Sasa niambie: changamoto, nani? Mchangamoto? Mwanachangamoto? Hayupo. Neno limezaliwa yatima na ndiyo maana linapendwa na kila mwenye jambo la kuficha. Hakuna serikali itakayokupigia simu kukulaumu kwa kuandika "changamoto".

Chukua sentensi ya aina hii, ambayo ungeweza kuikuta katika taarifa yoyote ya mwaka 2024 au 2025 kuhusu vita vya Sudan: "Wakazi wa El Fasher wanakabiliwa na changamoto ya upatikanaji wa chakula." Isome tena polepole, kwa sababu ni kazi ya fundi. "Wanakabiliwa" ni kauli ya kutendwa, nawe kwa desturi unasubiri "na" na jina la mtenda. Unapewa "na changamoto". Hapo ni maficho ya kwanza. Changamoto yenyewe ni maficho ya pili, tumeshayaona. Ya tatu ndiyo ninayoivulia kofia: "upatikanaji". Humo ndani kuna -ik-, kiambishi cha kauli ya kutendeka, kile kile cha "kikombe kimevunjika". Kila mtoto aliyevunja kikombe anakijua. Hasemi "nimekivunja", anasema "kimevunjika", kana kwamba kikombe kilichoka maisha. Basi chakula cha El Fasher nacho hakipatikani. Kimesusa tu, kimekaa mahali kimenuna.

Yaliyotokea ni haya. Vita vya Sudan kati ya jeshi la Jenerali Burhan na wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo cha Jenerali Hemedti, vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Mwaka uliofuata RSF waliuzingira mji wa El Fasher, makao makuu ya jimbo la Darfur Kaskazini. Juni 2024 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2736 likiwataka wauondoe mzingiro huo, hawakuuondoa. Agosti mwaka huo huo njaa ikathibitishwa rasmi katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam, nje kidogo ya mji. Mwaka 2025 wakajenga tuta la udongo kuuzunguka mji, na mwezi Oktoba mwaka huo mji ukaanguka mikononi mwao. Sasa niambie, wapi katika habari hii pana "upatikanaji"? Watu waliuzuia mji usile. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo tangu enzi za ngome na mashua: kuhusuru. Kama kinakuchosha ulimi, kuzingira kipo, na kila mtu anakielewa. "RSF wameuhusuru mji ili wakazi wafe njaa au wasalimu amri." Sentensi fupi kuliko ya kwanza, na ina mtenda, ina mtendwa, ina kusudi. Haina kasoro yoyote ila kwamba inaweza kumkasirisha mtu.

Utaniambia wakubwa wa dunia ndio waliotufundisha. Si kweli kwa wote. Waandishi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika kifungu cha 39, walitaja mambo matatu ambayo Baraza la Usalama likiyaona linaruhusiwa kuchukua hatua, kuanzia vikwazo hadi nguvu za kijeshi: tishio kwa amani, uvunjaji wa amani, na kitendo cha uchokozi. Changamoto haimo. Na hapo neno si pambo: Baraza likisema "tishio", milango ya vifungu vinavyofuata inafunguka. Umoja wa Afrika nao ulipojiwekea ahadi ya kunyamazisha bunduki ifikapo 2020, ulisema bunduki. Mwaka ulipofika, bunduki zikaongezewa muda hadi 2030, lakini angalau tunajua kilichoongezewa muda ni nini.

Wengine hukwepa kwa njia ya kukana. Februari 2022 Moscow iliivamia Ukraine na kuiita kazi hiyo operesheni maalumu ya kijeshi. Novemba 2017 mjini Harare, Zimbabwe, mwanajeshi alitokea kwenye televisheni alfajiri kuwatangazia wananchi kwamba jeshi halijachukua serikali, na siku chache baadaye Rais Mugabe alijiuzulu. Kwenye mapinduzi, kusema kweli, lugha yetu yenyewe imewarahisishia kazi: neno hilo hilo moja hubeba umma ulioinuka na makanali watano waliokiteka kituo cha redio. Tazama Mali 2020 na 2021, Guinea 2021, Burkina Faso mara mbili mwaka 2022, Niger na Gabon 2023. Wapo waliopindua waliopenda kuitwa wanamapinduzi, na wapo waandishi waliowatii. Mimi nasema "mapinduzi ya kijeshi" na "waliopindua". Hata hivyo ni afadhali mapinduzi yenye utata kuliko "changamoto za kiutawala", ambayo nimeyaona kwa macho yangu yakielezea rais aliyefungiwa nyumbani kwake na walinzi wake mwenyewe. Sitaanza habari ya "hali ya sintofahamu", kitenzi kilichokataa kufahamu kikaishia kuwa nomino. Hiyo ina siku yake.

Kuna kasoro nyingine katika kichwa chako, na hii ni ya sarufi tupu. "Changamoto za ndoa" ni zile zinazoletwa na ndoa. "Changamoto za safari" zinaletwa na safari. "Changamoto za usalama" basi? Kwa mantiki hiyo hiyo usalama ndio unaotusumbua, na tungekuwa na raha kama usingekuwepo. (Wapo wanaogongewa mlango usiku na watu wa usalama ambao wataisoma hivyo bila shida.) Kiunganishi -a kinapotatiza, tumia "kwa" au "dhidi ya": tishio kwa usalama, hujuma dhidi ya usalama.

Je, nimelipiga marufuku neno? Hapana, nimechoka kupiga marufuku, hakuna anayenisikiliza. Lirudishe tu kazini kwake. Wajumbe wanaokutana Geneva kujadili silaha zinazojichagulia shabaha bila mkono wa binadamu wana changamoto halisi: kuandika sheria ya kitu ambacho kinabadilika kabla wino haujakauka. Kebo ya umeme ya Estlink 2 kati ya Finland na Estonia ilipokatika Desemba 2024, kujua kama nanga iliburutwa kwa uzembe au kwa hujuma ilikuwa changamoto kwa wachunguzi. Hapo akili inapimwa, na mtenda hajafichwa na mwandishi. Lakini waliozirushia meli makombora katika Bahari ya Shamu tangu Novemba 2023 ni Wahouthi wa Yemen, walijitangaza wenyewe, tena kwa fahari. Kwa nini mwandishi awafichie siri ambayo wao hawaifichi? Waasi wa M23 walipoiteka Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, waliiteka. Goma "haikukumbwa".

Kwa hiyo andika "Matishio kwa usalama wa kimataifa na wa kikanda". Mwenzako mwambie ki- yake imo, kwenye "kimataifa" na "kikanda", aridhike nazo. Mhadhiri akikulazimisha kurudisha "changamoto" kwenye kichwa, mrudishie, kwa kuwa alama ni zake. Ila ukishuka kwenye aya ya kwanza, ambako kalamu ni yako, tuambie nani kamvamia nani.