Umepangiwa Okayama? Isome kwanza stesheni yake

Juzi dada mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Ufadhili wa Japani nimepata, ila wamenipangia Okayama. Nimeangalia ramani nikaishiwa nguvu. Naweza kuomba Tokyo?" Nilimpongeza, kisha nikajikuta namwandikia ujumbe mrefu. Nauweka hapa kwa sababu najua mpo wengi mnaosubiri majibu ya ubalozi, na karibu wote mnaiwaza Tokyo tu.

Nami nilipangiwa Okayama. Siku ninaaga kazini, mkubwa wangu mmoja alisema mbele ya wenzangu kwamba nakwenda "Japani ya shamba", na watu wakacheka. Neno lile bado lina miiba. Leo wenzetu walioko Tokyo wakitaka kwenda miji ya magharibi kama Matsuyama au Izumo, mimi ndiye wanayenipigia simu. Wiki iliyopita nimewaongoza wageni kutoka nyumbani, watu wazima na mizigo yao, kutoka Okayama hadi Kochi na kurudi, wala hakuna treni iliyotuacha. Najivunia hilo.

Sasa nisikilize, dada. Okayama kwa treni ni Msamvu ya Japani ya magharibi. Kama vile Morogoro barabara ya Dodoma inavyoachana na ya Iringa, ndivyo hapa reli zinavyotawanyika, ila zenyewe zinatawanyika pande zote. Shinkansen, reli ya treni za kasi, ilifika hapa tarehe 15 Machi 1972, na kwa miaka 3 huu ndio ulikuwa mwisho wa reli hiyo, mpaka ilipofikishwa Hakata, jijini Fukuoka, mwaka 1975. Leo hata Nozomi, treni ya Shinkansen inayoruka stesheni nyingi, haipiti Okayama bila kusimama. Kutoka Shin-Osaka, stesheni ya Shinkansen ya Osaka, ni kama dakika 45. Kutoka Tokyo ni saa 3 na kitu.

Ukishuka kwenye Shinkansen, teremka kwenye majukwaa ya treni za kawaida usome ubao. Marine Liner inakwenda Takamatsu kwa muda usiofika saa nzima. Shiokaze ni ya Matsuyama, Nanpu ya Kochi, Yakumo ya Matsue na Izumo, Super Inaba ya Tottori. Bahari ya ndani iko upande mmoja, Bahari ya Japani upande wa pili, na wewe unalala katikati. Mwenzako wa Tokyo akitaka kufika huko, mara nyingi lazima kwanza aje mlangoni kwako.

Njia ya Takamatsu ndiyo niipendayo kuliko zote. Takamatsu iko kisiwa cha Shikoku, na zamani kisiwa hicho hakikuwa na reli ya kukiunganisha na huku. Abiria walipanda treni hadi bandari ya Uno, wakavuka kwa meli za shirika la reli. Tarehe 11 Mei 1955, meli moja kati ya hizo, Shiun Maru, iligongana na nyingine kwenye ukungu ikazama. Walikufa watu 168, wengi wao wanafunzi waliokuwa kwenye safari ya shule. Msiba ule uliwatia watu wa pande zote mbili nguvu ya kudai daraja. Madai yalichukua miaka. Daraja la Seto lilifunguliwa tarehe 10 Aprili 1988, magari juu na treni chini, na meli za reli zikastaafu. Mimi natoka kwetu ambako tunajua maana ya kupoteza watu majini. Kila nikivuka kwenye Marine Liner, visiwa vikipita chini ya dirisha, nawakumbuka watoto wale. Na nakuomba, ukivuka mara ya kwanza, weka simu chini.

Lakini upepo mkali ukivuma, treni za darajani husimamishwa. Ukiwa na mtihani, usaili au ndege ya kuwahi upande wa pili, usipange kuvuka dakika za mwisho.

Kuhusu tiketi, jua kwamba treni nyingi za haraka zinadai vitu viwili: nauli ya umbali, na ada ya treni ya haraka juu yake. Shiokaze, Nanpu na Yakumo ziko hivyo. Marine Liner inataka nauli tu, isipokuwa ukitaka kiti cha kuhifadhiwa. Kwenye geti la kutoka Shinkansen kwenda treni za kawaida, ingiza tiketi zote kwa pamoja, halafu chukua zile zinazorudi. Kila mara soma ubao kabla ya kukimbia. Narudia: soma ubao.

Kuna na treni ya usiku, Sunrise. Inaondoka Tokyo saa 3:50 usiku ikiwa na mabehewa 14, na saa 12:27 asubuhi inafika Okayama. Hapo inakatwa vipande viwili: 7 yanakwenda Takamatsu, 7 yanakwenda Izumo. Watu hutoka kwenye vyumba vyao na nguo za kulalia kwenda kutazama wafanyakazi wakiyaachanisha. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, na inafanyika hapa, kwenye mji mliouita shamba.

Wadogo zangu, tuache kupima bahati yetu kwa jina la jiji. Mtu anapata ufadhili ambao maelfu wameukosa, halafu analia kwa sababu picha zake hazitakuwa na minara ya Tokyo. Ufadhili ni wa kusoma. Ukiwa mkoani utalazimika kujifunza lugha na kusoma ubao, na utajua kubadilisha treni bila kumwuliza mtu. Anayejua kubadilisha treni hafungiwi na mji wowote. Hilo nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona vijana wenye akili wakikataa nafasi nzuri kwa sababu ya ramani tu.

Basi, dada, fanya hivi. Ukija kwa ndege ya kupitia Dubai, tafuta inayotua Kansai, uwanja wa Osaka, badala ya Tokyo. Uwanjani panda treni ya Haruka hadi Shin-Osaka, kisha Shinkansen ya kuelekea magharibi. Pima begi lako kabla: urefu, upana na kina vikijumlishwa vikazidi sentimita 160, lazima uhifadhi kiti chenye nafasi ya mizigo. Chuo Kikuu cha Okayama hakiko mbali na stesheni. Kituo kimoja tu kwa reli ya Tsuyama unafika Hokaiin, halafu unatembea kama dakika 10. Ila siku ya kwanza, ukiwa na mabegi na usingizi wa safari, chukua teksi. Niandikie ukishapata tarehe ya ndege.